Kioo Kisichonigusa

Gari haikunigusa. Nalisema mwanzo kabisa, maana niliposema kinyume chake ndipo yaliponikuta yote haya, na sasa nshakuwa mwoga hata wa kusema "wallahi nimeshiba".

Mie naitwa Tamima, wa Kikwajuni. Kazi yangu kupaka maharusi hina na piko, ile rangi nyeusi, mwaka wa ishirini na sita huu. Ukimwona biharusi wa mjini maua yamempanda kutoka kidoleni mpaka kiwikoni na hayakuchafuka hata tone, uliza nani kampaka, utaambiwa Bi Tamima. Sijisifu, ndivyo ilivyo. Na mdomo wangu pia unajulikana. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akinambia, "Tamima, wewe unasema kwanza halafu ndo unafikiri." Na mie nikimjibu palepale, bila ya kufikiri.

Siku yenyewe nilikuwa nakwenda Mtoni, kuna biharusi ananingoja. Natembea pembeni kabisa mwa barabara, kikapu mkono wa kushoto, koni zangu za hina zimo ndani. Saa nne asubuhi, jua limewaka, hakuna mvua wala kiza cha mtu kusingizia. Nikasikia honi. Kuinua macho, gari nyeupe inalipita lori, imeacha njia yake, inanijia mie. Niliuona uso wa dereva, mdomo wazi. Sikuwaza kitu. Niliruka.

Pale pana mtaro wa maji ya mvua, wa saruji, haukufunikwa. Nikaangukia mkono wa kulia. Gari ilipita karibu hata upepo wake ukanifunika buibui usoni, na kule chini nikasikia kitu kinalia ka! ndani ya kifundo cha mkono.  Halafu maumivu yakaja, yarabi, maumivu!

Dereva alisimama. Haki yake nampa. Alirudi mbio, akaingia mtaroni na viatu vyake vyeupe, akanitoa. Jina lake Jaku, kijana wa Kitumbatu anayekaa hapo hapo Mtoni na mama yake, huendesha gari ya watu kubeba watalii. Neno lake moja tu: "Nisamehe mama, nisamehe, sikukuona." Akanipeleka hospitali, akakaa na mie mpaka plasta ikafungwa. Daktari akasema mfupa umevunjika pahala pawili, plasta wiki sita, baada yake mazoezi, na vidole hawezi kuniahidi. Alisema hivyo hivyo, "vidole siwezi kukuahidi", huku akiandika.

Sasa mpakaji hina bila ya vidole ni nani?

Nyumbani tuko wawili, mie na mwanangu Dalal. Mumewe, Talal, kazi yake iko Pemba, huja mwisho wa mwezi. Dalal alikuwa na mimba ya miezi saba na nusu. Ndiyo ya tatu. Mbili za mwanzo zilitoka, moja ya miezi minne, moja ya mitano, na hiyo ya mitano nilimwosha mwenyewe kwa mikono hii. Kwa hiyo hii ya tatu tulikuwa tunaibeba sote wawili. Dalal akipanda ngazi, mie nyuma nahesabu pumzi zake.

Jirani yetu wa chini, Mazin, aliwahi kufanya kazi ya kuwahangaikia watu mafaili ya bima. Anajua kila mlango, na kila mlango unamjua yeye. Akaja kuniangalia, akaketi, akakunja mguu.

"Bi Tamima, hii ni fidia. Usiiwache."

"Nami sitaki kuiwacha."

"Lakini gari ilikugusa?"

"Haikunigusa. Niliruka."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeonja mchuzi ukakosa chumvi. "Basi hupati hata thumni. Watakwambia umeanguka mwenyewe kwa woga wako. Sema kioo cha pembeni kilikupiga mkono. Kioo tu. Nani atabisha? Mkono si umevunjika?"

Nikasema, ala, kweli. Mkono si umevunjika? Na gari si ndiyo iliyonivunja? Kioo kimekuwa nini basi? Nilijiona nina haki, na mwenye haki akiongeza kidogo haoni kama anadanganya.

Tukenda kituo cha polisi kuandikisha maelezo. Jaku alikuwepo. Afande akaandika yake kwanza, nikamsikia kwa masikio yangu Jaku akisema alikuwa akienda polepole upande wake na mie ndiye niliyekuwa katikati ya barabara. Katikati ya barabara! Mie, niliyekuwa nimejibana pembeni mpaka majani yananichoma miguu! Damu ikanipanda. Nikamtazama, akaangalia chini.

Afande akanigeukia. "Bi mkubwa, gari ilikugusa au haikukugusa?"

"Ilinigusa. Kioo kilinipiga mkono huu."

Jaku akashtuka. "Mama, sikukugusa. Jina la Mungu, sikukugusa."

"Unaniita mwongo mbele ya watu?"

"Sikusema hivyo, mama, lakini gari..."

Basi hapo mdomo wangu ukanitangulia. "Wallahi billahi kioo kilinipiga! Na kama nasema uongo, nisimuone mjukuu wangu aliye tumboni mwa Dalal!"

Afande aliacha kuandika. Na Jaku, niliyekuwa nikimlaani, ndiye aliyeinua mkono kama anataka kuniziba mdomo. "Mama, usiape hivyo," akasema. "Usiape hivyo, tafadhali."

Nikamwambia nenda zako. Nikatia dole la kushoto kwenye karatasi, maana la kulia limo ndani ya plasta. Nikatoka.

Nilipofika Darajani ndipo nilipojisikia nilichosema. Nilisimama katikati ya watu wanaouza na kununua, nikawa naomba niliseme nililolisema kinyumenyume, neno moja moja, mpaka lirudi. Halirudi. Nilipofika nyumbani Dalal akanipokea mlangoni, akacheka. "Mama, leo anacheza huyu, hebu mshike." Akauvuta mkono wangu mzima kuuweka tumboni. Niliupokonya kana kwamba pana moto. Akashangaa. Nikamwambia mkono mchafu, nimetoka njiani.

Siku kumi zikapita. Nilikuwa nshaanza kujidanganya kwamba yamekwisha. Jumatatu, baada ya adhuhuri, nikasikia hodi ya mwanamke.

Alikuwa bibi mmoja mtu mzima kunishinda, mwembamba, kavaa buibui la zamani, kandambili mkononi keshazivua ngazini.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba. Wewe ndo Bi Tamima? Mie Sichana, mama yake Jaku."

Nikamkaribisha. Aliketi mkekani ijapokuwa kiti kipo. Nikamletea chai, hakuigusa. Nikamletea maji, hakuyagusa. Mtu wa Unguja kuingia nyumbani kwako akakataa hata maji, ujue kaja na jambo zito. 

"Sikuja kwa ugomvi," akasema, sauti yake ya chini kabisa. "Mwanangu huenda akanyang'anywa leseni, na pengine akafungwa, kwa ajili ya kioo. Nami nimemzaa, namjua. Kanambia gari haikukugusa. Wewe umesema imekugusa. Mmoja wenu mwongo. Basi Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, kwangu kunasomwa Halbadiri. Nimekuja kukutangazia, isije ikawa nimekuvizia."

Asiyeijua Halbadiri heri yake. Hutajwa majina ya watu wa vita vya Badri, akaombewa dhalimu alipwe kwa udhalimu wake, na halitajwi jina la mtu. Halihitajiki. Kisomo kinamtafuta mwenyewe mwenye kosa, popote alipo, na sie tuliokulia hapa tumesikia tangu wadogo waliopatwa na nini. Ndiyo maana hutangazwa kabla, ili mwenye kosa apate nafasi ya kujitokeza.

Nikataka kumjibu.  Na hapo hapo Dalal akatoka chumbani, tumbo mbele, mkono kiunoni, akamwamkia mgeni. Bi Sichana akamtazama tumbo. Akalitazama sana.

"Mungu akuteremshe salama, mwanangu," akamwambia.

"Amin, bibi."

Dalal alipoingia jikoni, Bi Sichana akanisogelea. Nilisikia harufu ya karafuu nguoni mwake. "Jaku kanambia ulichoapia," akaninong'oneza. "Siku tatu ni nyingi, Bi Tamima. Mtu anaweza kufanya mengi kwa siku tatu." Akachukua kandambili zake akateremka ngazi.

Alinihurumia, na huruma yake ndiyo iliyonitoa roho.

Jumanne sikula. Nilimfuata Dalal kila chumba. Akikohoa, nipo. Akiinama, nipo. "Mama, una nini wewe?" Hamna kitu, namwambia, hamna kitu. Nikashuka kwa Mazin, nikamweleza. Akacheka, kicheko cha puani.

"Bi Tamima, usitishike na mambo ya kizamani. Kisomo hakiingii mahakamani."

"Wewe uliapa, Mazin?"

"La, mie sikuapa."

"Basi nyamaza."

Jumatano asubuhi Dalal alikaa kitandani muda mrefu, mkono tumboni, anasikiliza. Nikajua kabla hajasema.

"Mama, huyu leo hajacheza."

"Tangu lini?"

"Tangu jana magharibi."

Sijui niliingiaje jikoni. Nikampa maji ya baridi anywe, nikampa tende, nikamlaza ubavu wa kushoto kama wakunga wanavyosema, nikaketi chini ya kitanda. Tukangoja. Nilikuwa nalitazama tumbo la mwanangu kama mtu anayetazama sufuria isifurike, na moyoni nnamwambia huyo aliyemo, njoo babu, piga teke moja tu, mpige bibi yako huyu mwongo. Saa tatu. Saa nne. Dalal midomo imemkauka, machozi yamemjaa, na mie ndiye ninayemwambia usilie, usilie, kalala tu. Ilipokaribia saa tano akasema, "Ah!" Kisha akasema tena, "Ah! Huyo!"

Nikakimbilia jikoni nikalia huko mpaka nikashika ukuta.

"Mama unalia nini?"

"Kitunguu," nikasema. Na hapakuwa na kitunguu nyumba nzima.

Alhamisi nilitoka baada ya adhuhuri, sikumwambia mtu. Njia nzima nilikuwa naomba nisichelewe. Nilipoteremka Mtoni nikapita pale penye mtaro bila ya kuutazama. Nyumba ya Bi Sichana iko ndani, ua wa makuti, na kabla sijaufikia nikasikia harufu ya ubani.  Nje mikeka imeshatandikwa, wanaume kama kumi wameketi kimya, na katikati Maalim Mmanga, msomaji wao, kitabu kimefunguliwa juu ya kitambaa cheupe. Chetezo cha ubani kinafuka. Jaku kajiinamia pembeni peke yake, kanzu imemganda mgongoni kwa jasho.

Wote wakanitazama. Sikuweza hata kuwatolea salamu. Nikapita upande wa wanawake.

Bi Sichana alikuwa peke yake chumbani. Nikasema palepale mlangoni, kabla woga haujanirudisha, "Kioo hakikunigusa. Mwanao kasema kweli. Niliruka mwenyewe. Waambie wasisome, Bi Sichana, nakuomba, wasisome."

Nilidhani atanitukana. Nilikuwa nimejitayarishia matusi yote. Lakini yule bibi aliketi chini kwa ghafla, akajifunika uso kwa kanga, na mabega yakaanza kumtikisika.

"Nilikuwa naomba uje," akasema. "Wallahi nilikuwa naomba uje. Alfajiri ya leo nilimwambia Jaku, mwanangu, leo ndo leo, nambie kila kitu. Akaanguka miguuni pangu. Kweli hakukugusa. Lakini alikuwa anazungumza na simu. Kashika simu sikioni, huku analipita lori, kaingia upande wako. Na wewe hukuwa katikati ya barabara. Kaandikisha uongo kwa kuogopa leseni. Sasa wakisoma, Bi Tamima, kisomo kitamwacha? Kitamwacha mwanangu? Nami nishatangaza, nishaita watu, nitawaambia nini?"

Basi tukakaa pale, wanawake wawili wazima, kila mmoja kamuogopa mwenziwe siku nne, na kumbe sote tunakiogopa kitabu kile kile. Mkono wake ulikuwa baridi. Nadhani na wangu.

Maalim Mmanga aliitwa akasimama nyuma ya pazia, kitabu mkononi. Tukamwambia yote, yake na yangu. Hakutukemea. Nilisikia tu kitabu kinafungwa, na nilishukuru kwa sauti ile kuliko kitu chochote.

Nikamuuliza, "Maalim, na kiapo? Kiapo kimeshatoka mdomoni."

"Kiapo cha uongo kina toba na kina kafara," akasema. "Lisha masikini kumi, au wavishe. Kama huna uwezo, funga siku tatu."

"Sina uwezo. Mkono ndo huu."

"Basi funga."

"Na mtoto?"

Akajibu, "Mtoto ni wa Mungu, mama. Si mali ya kiapo chako. Wewe timiza lako."

Maneno mazuri, lakini woga hausikii maneno mazuri. Njiani nikaamua jambo, na mara hii nilifikiri kwanza: sitomtazama uso mjukuu wangu kabla kafara yangu haijatimia. Nilisema nisimuone kwa uongo, basi nisimuone kwa kweli mpaka niwe msafi. Siku tatu tu, na Dalal bado ana wiki nne au tano. Nikaona nimetoka salama.

Nikafunga Jumamosi. Nikafunga Jumapili. Jumatatu, siku ya tatu, mie na Jaku tulipita polisi kubadilisha maelezo yetu, Afande akatutazama mmoja mmoja akasema, "Nyie watu nyie!" Kisha tukenda ofisi ya bima, Mji Mkongwe, juu ya ngazi za mbao. Alotupokea ni kijana mwenye miwani, Abdulwahid. Akasoma maelezo ya zamani, akasoma mapya, akavua miwani.

"Mama, nani alokwambia kwamba lazima gari ikuguse?"

Nikamtaja Mazin.

"Dereva kaacha njia yake, simu iko sikioni, wewe ukaruka kuokoa roho yako, mkono ukavunjika. Hilo peke yake lingetosha."

"Lingetosha?"

"Lingetosha. Lakini sasa nina karatasi mbili zenye dole lako, na moja uongo. Mkubwa wangu ataniuliza hii ya pili naiaminije. Nitalipeleka hivi hivi faili, lakini sikuahidi kitu."

Mtu wa pili huyo wa kutoniahidi. Nilicheka. Jaku akaniangalia akidhani nimepata wazimu. Nilikuwa na ukweli mkononi tangu siku ya kwanza, na ungenitosha, nikauacha nikaenda kuazima uongo kwa jirani, na kuuwekea rehani mtoto wa mwanangu. Nilikuwa bado nacheka simu ilipolia. Nassra, mke wa Mazin.

"Bi Tamima, uko wapi? Dalal uchungu umemshika, tumempeleka hospitali."

"Uchungu gani? Bado mwezi!"

"Njoo tu."

Jaku ndiye aliyenipeleka. Sikumbuki njia. Nakumbuka mkono wangu wa kushoto umeshika mlango wa gari na mie ninasema siku ya tatu leo, yarabi, siku ya tatu, haijesha, ningojee mpaka magharibi. Nikaliona jua bado liko juu. Sikupata kulichukia jua namna ile.

Nilifika alasiri. Nassra akanikuta ukumbini, kanga imemwanguka begani. Nikamtazama uso kabla hajasema. Akacheka.

"Mwanamme! Mdogo, lakini mzima, analia mpaka mwisho wa ukumbi. Nenda kamwone!"

 Nikashika ukuta, nikasema alhamdulillahi mpaka nikapoteza hesabu. Nikafika mlango wa chumba. Nikakisikia kilio chake, chembamba, cha hasira. Kilio cha kwetu hasa. Mguu mmoja nikaupeleka ndani, na hapo hapo nikageuka nikaupa mlango mgongo.

"Mama?" Dalal akaita. "Mama, mbona hivyo? Njoo umwone."

"Bado, mwanangu."

"Bado nini?"

"Jua likizama."

 Nilisikia kitanda kinalia, anajiinua. "Mama, mwanangu kakutia kinyaa? Kuna kitu watu hawakunambia? Kama ana ila nambie. Hawa wengine walionitoka ulinizuia kuwatazama, na huyu wewe hutaki kumtazama. Ana nini mwanangu?"

Yarabi, sikuwa nimelifikiri hilo. Nilikuwa nimejifikiria mie na mjukuu wangu na Mungu wangu, na huyu aliyezaa nimemsahau.

"Hana kitu," nikasema. "Mzima. Mwenye ila mie." Nikamwambia yote, mgongo umemwelekea, uso uko ukumbini, watu wanapita na vyombo vya chakula wananitazama. Nikamwambia kioo. Nikamwambia Mazin. Nikamwambia polisi na neno kwa neno nililoapa, maana nilitaka kulificha nikashindwa. Nikamwambia kwa nini bibi wa Mtoni hakunywa maji, na kwa nini nililia siku isiyokuwa na kitunguu. Nikamwambia leo ya tatu.

 Nikangoja anitukane, nikangoja alie. Hakuna. Mtoto tu, akinyonya, na kile kisauti chake. Nimesimama vile sijui muda gani. Mwangaza ukaanza kupungua ukumbini, wa njano, kisha wa kijivu. Nassra akaja na chupa ya maji na tende mbili, akazitia mkononi mwangu, akaondoka bila ya kuuliza.

Adhana ikaanza, msikiti mmoja, kisha mwengine, kisha yote. Nikala tende moja. Nikanywa maji. Nikageuka.

Dalal alikuwa amekaa kitandani, macho yamemvimba. Mtoto yumo mapajani, na kanga imemfunika mwili wote, kuanzia kichwani. Sikuona hata nywele.

"Nimemaliza," nikamwambia. "Mfunue, mama. Nimemaliza."

"Kwa Mungu umemaliza," Dalal akasema. Sauti yake haikuwa ya ukali, na ndiyo iliyonitisha. "Kwangu bado. Uliwazika wawili na mie, mama, halafu ukaenda kumweka huyu mbele ya polisi kwa ajili ya kioo cha gari."

Nikaiweka chupa ya maji chini. Nikasema, "Ndiyo."

Akaniangalia. Akaangalia plasta yangu, na vidole vilivyochungulia nje ya plasta, bado vina wekundu wa hina ya zamani kuchani.  Kisha akainua pindo la kanga upande wa chini, kidogo tu, akautoa mguu mmoja. Mguu wenyewe hauzidi kidole changu cha kati.

Nikapiga magoti chini ya kitanda. Nikaunyoosha mkono wa kulia, ule mbovu, maana uongo wote huu ulianza kwake. Vidole havikufunga vizuri. Niliushika mguu kwa ncha zake tu. Ulikuwa wa moto, na ukanipiga teke.

Dalal hakunambia nitamwona uso lini, na mie sikuthubutu kumuuliza.